UZI: Nimeanza kazi Machi, mimba imeingia mwezi huo huo. Je, likizo ya uzazi ninaistahiki?

BintiGando (6 Julai)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Gando, Pemba, nimeolewa Fuoni, na tangu tarehe 2 Machi mwaka huu nimeajiriwa Dar es Salaam kuwa karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Siku za kazi ninakaa kwa mama mdogo wangu Ilala, na mwisho wa wiki ninarudi Unguja kwa boti. Mkataba wangu ni wa kudumu, lakini una miezi sita ya majaribio ambayo itamalizika mwanzoni mwa Septemba.

Mwenyezi Mungu amenijaalia ujauzito, na kwa hesabu ya kliniki mimba hii imeingia wiki zile zile nilizoanza kazi. Tarehe ya makisio ya kujifungua ni 23 Novemba. Kazini sijamwambia mtu rasmi, ila msimamizi wangu amekwishahisi, na wiki iliyopita aliniita pembeni akaniambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza mwaka hana likizo ya uzazi. La pili ni kwamba ingekuwa heshima kwangu kuandika barua ya kuacha kazi mwenyewe kabla ya muda wa majaribio kwisha, kwa kuwa nimeanza kazi na nikabeba mimba papo hapo. Wenzangu wawili wanaonitakia kheri wamenishauri nikane kila kitu mpaka Septemba ipite.

Ninaomba wenye elimu wanieleze mimi ninastahiki nini, na je, ni kweli kwamba salama yangu ni kunyamaza? Kuna zamu za usiku pia, ambazo kila mwezi zinanizidia uzito, na sijui kama ninaweza kuzikataa.

AbuZuhura (6 Julai)

Waalaykumu ssalaam mwanangu, na hongera kwa neema hiyo.

Ushauri wa wenzako mimi naukubali. Nilivyosikia, mtu akishatimiza miezi sita kazini hawezi tena kufukuzwa ovyo, na wewe miezi sita yako inatimia mwanzoni mwa Septemba. Baibui linasitiri, na mimba ya kwanza aghalabu huchelewa kuonekana. Nyamaza, fanya kazi yako vizuri, kisha tarehe 2 au 3 Septemba upeleke barua. Hapo hata wakikasirika watakuwa hawana la kufanya.

Wakili wa Mlandege (7 Julai)

Dada BintiGando, hongera. Nimefanya kazi ya kesi za wafanyakazi Dar es Salaam kwa muda mrefu kabla ya kurudi nyumbani Unguja, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu, na Ami AbuZuhura aniwie radhi nikitofautiana naye katika jambo moja.

Kwanza ni lazima tujue unatawaliwa na sheria ipi, kwa sababu kazi na ajira si jambo la Muungano. Aliyeajiriwa Unguja au Pemba anaongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005. Wewe unafanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo unaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, Namba 6 ya 2004. Kwamba wewe ni Mpemba, kwamba mumeo yuko Fuoni, na kwamba utajifungulia Unguja, hayo hayabadilishi chochote. Yote nitakayoyasema hapa ni ya sheria ya Bara, na naomba mtu aliyeajiriwa huku visiwani asiyachukue akayaweka katika barua yake.

Sasa tuje kwenye kauli ya msimamizi wako kwamba asiyetimiza mwaka hana likizo. Hiyo si kweli. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinasema kwamba mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Ni miezi sita, si mwaka. Tena swali si kwamba ulikuwa na muda gani kazini siku mimba ilipoingia, bali ni utakuwa na muda gani siku likizo itakapoanza. Wewe miezi sita yako inatimia tarehe 1 Septemba, na likizo yako haiwezi kuanza kabla ya mwishoni mwa Oktoba isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa. Utakuwa umekwishapita kizingiti hicho kwa karibu miezi miwili.

Ukishakipita, kifungu cha 33 kinakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 ukijaaliwa kuzaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Malipo yanapigwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo posho za usafiri au za zamu ulizozizoea usizihesabu katika bajeti ya miezi hiyo. Mwisho wa likizo una haki ya kurudi katika kazi yako kwa masharti yale yale uliyoyaacha.

Nakuja sasa kwenye suala la kunyamaza, na hapa ndipo naomba unisome kwa makini, maana ndipo kina dada wengi wanapoharibikiwa.

Sheria inakutaka umpe mwajiri taarifa ya nia yako ya kuchukua likizo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Makisio yako ni 23 Novemba, kwa hiyo siku ya mwisho ya kutoa taarifa ni 23 Agosti. Ukifuata ushauri wa kungoja Septemba, utakuwa umechelewa siku kadhaa, na utakuwa umempa mtu ambaye tayari anatafuta sababu kitu cha kushikilia mkononi, kwamba wewe ndiwe uliyekiuka utaratibu. Anayetaka kukunyima haki yako usimsaidie kwa kuchelewesha karatasi.

Nafahamu hofu iliyomo katika ushauri wa Ami. Ni kweli kwamba sehemu ya sheria inayozuia kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi mwenye muda wa chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Hicho ni kifungu cha 35. Ni kweli pia kwamba kifungu cha 37, kinachosema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, kimo katika sehemu hiyo hiyo. Watu wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu, wakaamini kwamba kabla ya miezi sita mwanamke mja mzito hana kinga yoyote.

Lakini kuna kifungu cha 7. Hicho kinakataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, ujauzito umetajwa kwa jina lake. Hakina sharti la miezi sita, wala la mwezi mmoja. Kinamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Tena kina jambo jengine kubwa: mfanyakazi akionesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unamwangukia mwajiri. Kwa hiyo msimamizi akikuondoa tarehe 20 Agosti, siku chache baada ya kupokea barua yako ya ujauzito, ni yeye atakayetakiwa kueleza kwa nini siku hiyo na si nyengine.

Hebu sasa pima pande mbili hizi. Ukinyamaza na ukaondolewa Agosti, mwajiri atasema hakujua kwamba una mimba, na wewe hutakuwa na karatasi ya kumkanusha. Ukiwa umetoa barua na ikagongwa muhuri, hawezi kusema hivyo. Kwa maoni yangu barua ndiyo kinga, na kimya ndiyo hatari, hasa kwako wewe ambaye msimamizi wako amekwishasema maneno aliyoyasema.

Na hilo la kuandika barua ya kuacha kazi, usilifanye. Usilifanye hata ukiahidiwa kwamba utarudishwa baada ya kujifungua. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana likizo ya kudai na hana ubaguzi wa kulalamikia. Akikuita tena pembeni, msikilize kwa adabu, kisha jioni hiyo hiyo andika katika daftari tarehe, saa, mahali na maneno yake kama alivyoyasema.

MkungaChake (7 Julai)

Maneno ya Wakili ni mazito na nayaunga mkono. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi hospitali Chake Chake, na naongezea la upande wangu.

Mwanangu, tarehe ya makisio ndiyo nguzo ya hesabu zako zote, kwa hiyo hakikisha imeandikwa sawasawa katika kadi yako ya kliniki. Sisi tunachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tunaongeza siku saba, tunarudi nyuma miezi mitatu. Kama hedhi yako ya mwisho ilianza 16 Februari, tunapata 23, na tukirudi nyuma miezi mitatu tunafika 23 Novemba, sawa na ulivyosema. Pale penye tarehe ya hedhi ya mwisho na tarehe ya makisio pasiwe na mfuto wala namba iliyoandikwa juu ya namba. Nimeona kadi ambazo 3 imegeuzwa 8, na ofisini wakazitilia shaka. Ikiwa kipimo cha ultrasaundi kimetoa tarehe nyengine, mwombe daktari aamue ipi atumie, na hiyo hiyo moja ndiyo iandikwe kila mahali.

Kadi peke yake usiitegemee. Mwombe daktari akuandikie cheti chenye jina lako kamili kama lilivyo katika mkataba, umri wa mimba kwa wiki, na tarehe ya makisio, kisha atie saini na muhuri. Kadi ni yako ya kwendea kliniki, usiiache kazini kwa mtu.

Kuhusu kusitiri kwa baibui, mimi ningekuomba usijibane. Binti wa mara ya kwanza anayeficha mimba hujifunga kanga tumboni, huruka kliniki ili asiombe ruhusa, na hubeba vitu vizito ili asihisiwe. Nimewapokea waliofanya hivyo, na presha tunaigundua imekwisha panda.

BintiGando (7 Julai)

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Kwa kweli kliniki nimekwisharuka mara moja kwa sababu hiyo hiyo, na nitakwenda wiki hii inshaallah.

Wakili, naomba unieleze mambo matatu. Zamu za usiku nifanye nini? Siku 84 nizianze lini, maana mama yangu Gando anataka nikae naye arubaini nzima? Na afisa utumishi ameniambia jambo jengine jana nilipomuuliza kwa mafumbo: kwamba anayelipa likizo ya uzazi ni mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwamba mimi sina michango ya kutosha, kwa hiyo nitakwenda likizo bila ya malipo.

Wakili wa Mlandege (8 Julai)

Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lenye fedha ndani yake na ndilo linalowachanganya hata maafisa utumishi wanaotaka kutenda haki.

Kuna mambo mawili tofauti. Moja ni likizo ya uzazi yenye malipo, ambayo ni wajibu wa mwajiri chini ya sheria ya ajira. Jengine ni fao la uzazi la NSSF, ambalo ni haki ya mwanachama wa mfuko. Fao la NSSF lina sharti lake: mwanachama awe amechangia angalau miezi 36, na katika hiyo, michango 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 iliyotangulia kujifungua. Wewe mwenye michango ya tangu Machi hulifikii, na hapo afisa utumishi amesema kweli. Alipokosea ni kuhamisha sharti la mfuko akalitia katika likizo ya mwajiri. Kifungu cha 33 hakisemi popote kwamba likizo inategemea michango. Hata kama usingekuwa na mchango mmoja, maadamu umetimiza miezi sita kazini, siku zako 84 zinalipwa na mwajiri.

Zamu za usiku: kifungu cha 20 kinasema mja mzito hatakiwi kufanyishwa kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya makisio, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwako wewe ina maana tangu 23 Septemba hawawezi kukupanga usiku. Kabla ya tarehe hiyo unaweza kuondolewa zamu hizo iwapo daktari atathibitisha kwa maandishi kwamba hali yako hairuhusu, na kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ufanye hivyo sasa hivi na usingoje Septemba. Baada ya kujifungua kinga hiyo inaendelea kwa miezi miwili. Vilevile mwajiri haruhusiwi kukupa kazi yenye madhara kwa afya yako au ya mtoto, ukiwa mja mzito au ukiwa unanyonyesha. Ikiwezekana anatakiwa akupe kazi nyengine inayokufaa kwa masharti yasiyopungua uliyokuwa nayo.

Kuhusu lini uanze, sheria inakuruhusu kuanza wakati wowote ndani ya wiki nne kabla ya makisio, na mapema zaidi iwapo daktari ataona inalazimu. Wiki nne kabla ya 23 Novemba ni 26 Oktoba. Ukianza siku hiyo, siku yako ya mwisho ya likizo itakuwa 17 Januari. Ukianza 9 Novemba, utafika 31 Januari. Kila siku unayoitumia kabla ya kujifungua inatoka katika siku zile zile 84, kwa hiyo anayeanza mapema anapata muda mfupi zaidi na mtoto. Hata hivyo wewe una safari ya boti hadi Unguja, kisha pengine nyengine ya kwenda Pemba, na sioni hekima ya kungoja mpaka uchungu ukukute kwa mama mdogo Ilala. Hilo lizungumze na mkunga wako na mumeo.

Arubaini yako iko salama. Sheria yenyewe inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo mama yako Gando akukande maji ya moto kwa raha zake, na mtu wa ofisini hana haki ya kukupigia simu kwamba urudi.

Mwanamize (8 Julai)

Nimefurahi kuuona uzi huu. Mimi nafanya kazi hoteli Paje, mkataba wangu unafuata msimu wa wageni, nami nina mimba ya miezi mitatu. Kwa maelezo haya na mimi nina siku 84, siyo? Nataka niandike barua kesho.

Wakili wa Mlandege (8 Julai)

Dada Mwanamize, usiandike hivyo. Wewe unafanya kazi Paje, kwa hiyo sheria yako ni Namba 11 ya 2005 ya Zanzibar, na migogoro yako haiendi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara, inayopokea migogoro ya kazi ya huko. Ukiandika barua inayotaja kifungu cha 33 cha sheria ya Bara, mwajiri atakujibu, na kwa haki, kwamba sheria hiyo haimhusu. Mitandaoni karibu kila makala ya likizo ya uzazi inayosema "Tanzania" inakusudia Bara, na wafanyakazi wa hoteli za Unguja wanazinakili kila siku.

Chukua mkataba wako, hata kama ni karatasi moja, pamoja na hati za mshahara za msimu huu na wa nyuma kama unazo, uende Kamisheni ya Kazi Zanzibar ukaoneshwe kifungu cha likizo ya uzazi katika sheria yako na namna muda wako wa msimu unavyohesabiwa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar nao husaidia wasio na uwezo wa kuweka wakili, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, hupokea mambo kama haya. Ukiwa na chama cha wafanyakazi hotelini, mwone mwakilishi wako kabla ya kumwona meneja. Na hifadhi yako ya jamii ni ZSSF, si NSSF, kwa hiyo na fao la uzazi uliulizie huko.

MamaNassra (9 Julai)

Ninalo swali ambalo nadhani wengi wanalo. Binti huyu alipofanyiwa usaili, kama angekuwa anajua kwamba ana mimba, angewajibika kusema? Maana nawasikia waajiri wakisema "ulituficha", na mtu anaona haya kana kwamba ameiba.

Wakili wa Mlandege (9 Julai)

Mama, hakuna kifungu katika sheria hiyo kinachomtaka mwombaji kazi atangaze ujauzito wake, na kama nilivyosema, kinga ya ubaguzi inamhusu mwombaji kazi pia. Wajibu wa kutoa taarifa ni ule wa miezi mitatu kabla ya makisio. Mwanamke aliyeolewa kubeba mimba si udanganyifu, na mimi huumia sana nikiona msichana anaomba radhi ofisini kwa jambo ambalo nyumbani kwao wanalisomea maulidi.

AbuZuhura (9 Julai)

Wakili, nimekuelewa, na hoja ya tarehe 23 Agosti ina nguvu. Lakini bado nina wasiwasi mmoja. Msimamizi huyu anaweza asimfukuze, akamrefushia majaribio tu, kisha akamwambia hakufaulu. Hapo tunafanyaje?

Wakili wa Mlandege (9 Julai)

Wasiwasi wako ni wa mtu anayezijua ofisi, Ami. Hiyo ndiyo njia inayotumika zaidi kuliko kufukuza wazi wazi.

Mwongozo wa utendaji bora uliotolewa mwaka 2007 chini ya sheria hiyo unasema muda wa majaribio usizidi miezi 12, na unamtaka mwajiri amtathmini mfanyakazi, amweleze upungufu wake, amsikilize, na ampe nafasi ya kujirekebisha. Kwa hiyo BintiGando akusanye tangu leo kila kinachoonesha kwamba kazi yake ni nzuri: barua pepe za kumshukuru, fomu za tathmini, orodha ya mizigo aliyoishughulikia bila ya kasoro. Kama mpaka Julai hakuna aliyemlalamikia, na malalamiko ya kwanza yakaja wiki moja baada ya barua ya ujauzito, mfuatano huo wa tarehe utazungumza mbele ya msuluhishi.

Mambo yakiharibika, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mengineyo, ukiwamo wa ubaguzi au wa kunyimwa malipo ya likizo, ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kukaa nyumbani wakisubiri hasira zipoe, siku zikapita. Kujaza fomu ya Tume si kutangaza vita. Jambo huanza kwa usuluhishi, na mengi humalizikia hapo hapo.

BintiGando (10 Julai)

Nimeandika hii, naomba mnisahihishie:

"Kwa Afisa Utumishi. Yahusu: Taarifa ya likizo ya uzazi. Ninakuarifu kwamba mimi ni mja mzito, na tarehe ya makisio ya kujifungua ni 23 Novemba kama inavyoonekana katika cheti cha daktari kilichoambatanishwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ninakusudia kuanza likizo ya uzazi yenye malipo tarehe 9 Novemba na kuimaliza tarehe 31 Januari. Vilevile ninaomba nisipangiwe zamu za usiku, kwa mujibu wa kifungu cha 20 na kwa ushauri wa daktari ulioambatanishwa. Niko tayari kumwelekeza mwenzangu kazi zangu kabla ya kuanza likizo."

Wakili wa Mlandege (10 Julai)

Barua ni nzuri, na sentensi ya mwisho inaonesha kwamba wewe ni mfanyakazi mwenye kujali kazi. Ongeza tarehe ya kuandikwa na namba yako ya utumishi. Usitaje maneno ya msimamizi katika barua hii. Hayo yabaki katika daftari mpaka yatakapohitajika. Chapisha nakala mbili, moja uwaachie, na ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, urudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe ya ofisi siku hiyo hiyo, na nakala ujitumie kwenye anwani yako binafsi, kwa sababu anwani ya kazini wanaweza kuifunga wakati wowote.

MkungaChake (10 Julai)

Mwambieni na la kunyonyesha, maana akirudi Februari mtoto atakuwa na miezi miwili na kidogo, na sisi tunasisitiza maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita.

Wakili wa Mlandege (10 Julai)

Ahsante kwa kunikumbusha. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Sheria haijasema saa hizo zigawanywe vipi, kwa hiyo ni jambo la kupatana. Kwa kuwa BintiGando anakaa Ilala na foleni za Dar es Salaam tunazijua, angeomba saa moja asubuhi na moja jioni, yaani aingie kazini akiwa amechelewa saa moja na atoke mapema saa moja, na makubaliano hayo yaandikwe.

Mawili mengine ninayataja kwa haraka, na ninamwomba Mungu asiyahitaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yamemfikiria mama anayejifungua mtoto njiti: muda uliobaki mpaka kutimia wiki 40 za ujauzito nao unahesabiwa katika likizo yake, kwa hiyo siku zake 84 haziliwi na miezi ya kukaa wodini. Na mama aliyefiwa na mtoto kabla hajatimiza mwaka ana haki ya siku nyengine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko huo huo wa likizo, ambao ni wa miezi 36.

BintiGando (16 Julai)

Assalamu alaykum. Kliniki nimekwenda, cheti nimekipata, na barua niliipeleka jana. Afisa utumishi aliisoma mbele yangu, akaniuliza kuhusu michango ya mfuko, nikamweleza tofauti kama mlivyonifundisha, akaniambia atawauliza wanasheria wao. Nakala yangu imegongwa muhuri wa tarehe 15 Julai. Msimamizi bado hajanisemesha. Ratiba ya Agosti imetoka na jina langu halimo katika zamu za usiku.

Mume wangu anauliza kuhusu likizo yake ya baba. Yeye anafanya kazi hoteli Nungwi.

Wakili wa Mlandege (16 Julai)

Alhamdulillah. Nakala hiyo ipige picha na uiweke kwa mama yako pia. Wanasheria wao wakikujibu kwa maandishi, ilete hapa tuisome pamoja, na wakikujibu kwa mdomo, mwombe afisa utumishi akuandikie.

Mumeo yuko Nungwi, kwa hiyo zile siku tatu za baba za sheria ya Bara, ambazo huchukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa, si zake yeye. Aende na mkataba wake Kamisheni ya Kazi kama nilivyomwelekeza Dada Mwanamize, na aende kabla ya Oktoba, kwa sababu Novemba na Desemba hoteli zinajaza ratiba mapema na ruhusa huwa ngumu.